Kinga ya Mujinga

Ijumaa, Katuba, umeme umekwenda zake tena.
Meza yetu ni mlango wa zamani juu ya kreti mbili za bia;
tundu la ufunguo bado liko pale,
na dadu ikinasa humo tunairusha upya.
Hiyo ni kanuni. Niliiandika mimi, ukurasa wa tatu.

Nina daftari la kurasa tisini na sita.
Panga: pointi sita. Mkuki: nane.
Kinga ya ngozi hupunguza mbili, kinga ya shaba nne.
Namna za kufa: hamsini hadi hamsini na mbili.

Wako chini ya ardhi, katika shimo ambalo kampuni ililiacha.
Mbele yao Mla-Madini, mgongo wake mawe ya kijani,
na mimi msimulizi nimempa uhai kupita kiasi
(siku ile nilikuwa na hasira zangu).
Ngosa anasema: Napiga.
Tisa. Panga linateleza.
Napiga tena.
Kumi na moja. Linateleza.
Napiga tena, anasema, na anachopiga ni miayo,
hata mshumaa unainama kwa usingizi.

Zamu ya Mujinga.
Mgeni akilicheka jina tunamweleza:
si ujinga, alizaliwa na kamba ya kitovu shingoni,
na kwao mtoto wa namna hiyo huitwa hivyo.
Mchezoni ni muuza makala. Hana panga. Hakulitaka.

Kinga yangu iko wapi? anauliza.
Ilivunjika, nasema, popo walipotuvamia.
Si hiyo. Kinga. Ya magurudumu.

Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta.
Kweli, usiku wa kwanza kabisa niliandika pembeni:
baiskeli moja, magunia manne, breki hakuna.
Sikufuta.

Njia inateremka, ulisema mwenyewe.
Natoboa magunia, naiachilia kinga,
vumbi la makala limwingie machoni,
nami nyuma yake na kamba.

Nafungua daftari. Nalifunga. Nalifungua.
Hakuna ukurasa.

Baba yangu alisimama dirishani kwa karani miezi kumi na mmoja
akidai mishahara yake. Karani hakuwa mkali.
Alikuwa na sauti tamu: Mzee, kwa jambo lako
hatuna fomu.
Naijua sauti ile. Ilikwisha kunifika kooni.

Naimeza.

Inawezekana, nasema. Lakini taja kwanza unachokipoteza.
Anafikiri, anakuna shingo.
Kinga, anasema. Na makala ya mwezi mzima.
Na nikikosa, vumbi ni letu sote.
Basi kumi na nne. Hapana, mteremko unakusaidia:
kumi na mbili.

Dadu yetu mjomba aliichonga kwa malakiti,
pembe moja imemeguka, kwa hiyo inapenda nne.
Inazunguka ukingoni mwa tundu la ufunguo,
inachungulia, inabadili nia.
Nne.

Ningeweza kusema: umekosa, anayefuata.
Lakini kinga imekwisha kuachiliwa,
haitapanda tena mteremko kwa ajili ya namba.
Inampita Mla-Madini, inagonga nguzo ya mbao,
magunia yanapasuka, na giza
linakuwa jeusi kuliko giza.
Hatumwoni. Naye hatuoni.
Tunasikia tu akinusa.

Ngosa ameweka kalamu chini.
Nasubiri ile napiga tena yake.
Badala yake anainama, anapuliza mshumaa,
mshumaa wa kweli, wa faranga zetu,
na kutoka kusikojulikana kwa sauti ndogo anauliza:
Nikivua viatu, atanisikia?

Napapasa daftari, kisha naliacha.
Sijui, nasema.
Vua, tusikie.